Jina la Futi Bado Linawaka

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mkuu wa chuo, Mwalimu wetu wa ushonaji, wazazi wetu, na ninyi wahitimu wenzangu:

Naanza kwa kuomba radhi. Hotuba hii niliombwa mapema, nikaahidi kuileta, kisha nikachelewa hadi Mkuu akadhani nimekimbia. Sikukimbia. Nina mtoto anayeota meno, na nina neno lililonikaa moyoni, na vyote viwili havilali.

Niliombwa nilinganishe masomo ya darasani na ya mtandaoni, maana sisi tumeyaonja yote. Nisiwe mwizi wa fadhila: bila simu, mimi leo nisingehitimu. Kola nimejifunza huku nanyonyesha. Nilipokosea nilimrudisha Mwalimu nyuma kwenye video kadiri nilivyotaka, wala hakuninunia. Darasani angeninunia. Mwalimu usikatae, tunakujua.

Lakini mnamkumbuka Futi? Tulimpa jina hilo kwa sababu futikamba haikumtoka shingoni, hata sokoni. Muhula wa kwanza, humu humu ndani, yeye ndiye aliyembeba mwanangu ili mimi nishike cherehani. "Lete huyo bosi," alikuwa akiniambia, "wewe kafumue, pindo lako linakwenda kama mlevi." Siku moja hakuonekana. Mwalimu akakitazama kiti chake, akaweka chaki chini, akauliza nani anapita njia ya kwao. Tulimkuta ana homa, mama yake kasafiri, hata maji ya kunywa hana wa kumpa. Nani alikuwa ametuambia kwamba anaumwa? Kiti.

Muhula wa pili tukahamia kwenye simu. Kamera tulizima, maana bando ni ghali na nyumba zetu hazijafagiliwa, yakabaki majina kwenye viboksi vyeusi. Jina la Futi halikukosekana kipindi hata kimoja. Mwalimu alimsifu kwa mahudhurio, nasi tukamtania kwamba siku hizi anaringa, hajibu.

Nilipoombwa hotuba nilimpigia anisaidie maneno. Akapokea mama yake. Akaniambia taratibu kwamba mwanawe alilazwa mwanzoni mwa muhula wa pili, na hakurudi. Nikamuuliza, basi nani alikuwa akiingia darasani?

"Ni mimi, mwanangu. Alipokuwa wodini aliniomba niiwashe simu yake kila kipindi, wasije wakamfuta jina. Tulipokwisha kumzika sikupata moyo wa kuizima. Tena nyie mkicheka, nyumba inapata watu."

Ndugu zangu, mwenzetu azikwe, nasi tumsifu kwa kuhudhuria? Simlaumu mtu. Kiti kikiwa kitupu kinaonekana. Kiboksi cheusi ni kile kile, mwenyewe awepo asiwepo.

Sisemi simu zifungwe, kwani nyuma yangu wanakuja wengine wanaonyonyesha. Ila kuna vitu bado tunavihitaji, nawaomba mtuletee: siku moja kwa wiki ndani ya chumba hiki, na viti vyetu, mwalimu anayeita jina akangoja sauti, mtu wa kutumwa nyumbani sauti isipokuja, na cheti cha Futi cha muhula aliomaliza, kipelekwe kwa mama yake kwa mkono, na atakayekipeleka asiwe na haraka ya kuondoka.

Mlio ukumbini, nawashukuru kwa subira yenu. Sherehe hii inarushwa kwenye simu pia, na pale kwenye skrini ya ukutani, nyuma yenu, naliona jina la Futi limewaka.

Mama, asante kwa kutusikiliza.