Kitabu Nilichosaini Bila Kusoma

Wapendwa, Yesu asifiwe! Nitasema kwa kifupi, maana nikirefusha nitaanza kujipamba.

Kwetu ni Buigiri. Pale kuna shule ya wasioona, watoto walisoma kwa vidole. Mimi mwenye macho mawili herufi zilinikimbia. Mwalimu alisema ni uvivu, nikamwamini. Lakini nilitaka kuwa zimamoto, na mbio, ngazi na mipira ya maji nilivimudu. Ya kwenye karatasi nilisomewa na wenzangu, nikakariri.

Ndugu zangu, kituoni kila asubuhi zamu inayotoka huandika hali ya gari kitabuni. Inayoingia husoma, husaini, humweleza dereva. Kwa zamu yetu kazi hiyo ilikuwa yangu, nami nilisaini tu. Miaka mitatu! Jina langu naliandika vizuri sana.

Siku moja waliandika kwamba maji ya tangi yamemwagwa, linavuja. Nikasaini. Saa nne karakana ya mama mmoja mjane ikashika moto, njia ya Mtumba. Tulifika king'ora kikilia, nikafungua mpira, ukatoa hewa. Mnajua watu wanavyotucheka kwamba huwa tunafika bila maji. Siku hiyo walikuwa na haki. Yule mama akaniuliza, "Mwanangu, na nyie mmekuja kushangaa?"

Hakuna aliyeumia, ila gari la pili lilikuta paa liko chini.

Mkuu wa kituo akamgeukia dereva. Alidhani nilimwambia, dereva akapuuza. Barua ya kumsimamisha kazi ikaanza kuandikwa. Dereva yule ana watoto wanne. Nikamwomba Mungu anipe uongo mzuri wa kutuokoa wote wawili. Ndugu zangu, hakunipa!

Nikasema, "Afande, sikumwambia. Sikusoma. Kusoma kunanishinda tangu utotoni."

Nililia mbele ya wanaume wenzangu, na hofu ya miaka yote ikaniachia palepale. Niliadhibiwa, nilistahili. Yule mama nilikwenda kumwomba radhi, nikashika nyundo tukaezeka upya. Naye mkuu akaamuru makabidhiano yasemwe kwa sauti, kila kifaa kikiguswa kwa mkono.

Juzi kitabu kilisema tangi limejaa. Wanaojua kusoma wakasaini. Mimi nikaligonga kwa ngumi, likalia tupu.

Namshukuru Mungu. Kusoma bado kunanishinda, nisiwadanganye. Lakini wewe uliyekaa hapo na siri yako, mwite Yesu leo. Yeye akija, haji kushangaa.