Mama Sikio, Mpima Matabibu

Mama yetu tunayemlaza leo alizaliwa tarehe 9 Mei 1956, mtoto wa tatu wa fundi saa na mkunga. Alihitimu uuguzi mwaka 1978, kisha akasomea tiba ya fikra na tabia, ile inayomsaidia mtu aichunguze fikra inayomtesa kabla ya kuiamini.

Kazi yake kubwa ilikuwa kupima umahiri wa matabibu wa tiba hiyo. Alikaa katika chumba kidogo mwisho wa korido, feni ikilalamika, akisikiliza mazungumzo yaliyorekodiwa kwa idhini ya wagonjwa. Sauti tamu hazikumdanganya ng'o! "Huyu anahubiri," angesema. "Mgonjwa hajaulizwa kitu." Wengi walitoka kwake wamenuna, wakarudi wamekuwa mahiri. Ndio waliompa jina la Mama Sikio, na leo wamejaa hapa. Tunajivunia, tena bila aibu.

Aliolewa mwaka 1982 na baba yetu, fundi umeme. Siku ya kumposa, Baba alimwaga sera kweli kweli. Mama akamwambia, "Umemaliza? Sasa niulize mimi nataka nini." Baba akauliza, na ndiyo maana sisi tupo.

Mimi ninayesoma, kitindamimba wake, nilifuata kazi hiyohiyo. Alikataa katakata kunipima. "Mwamba ngoma huvutia kwake," alisema, akawaachia wenzake. Walinipitisha, lakini roho yangu ilitaka neno la Mama.

Februari 2023 aliugua saratani ya kongosho. Mwezi Mei mwaka huu aliniambia, "Nimekuwa mzigo. Hata wajukuu huja kwangu kwa kutumwa." Ulimi uliniwasha niseme, "La hasha, Mama!" Nikaumeza. Nikamuuliza, "Umejuaje? Na tufanyeje tuhakikishe?"

Akafikiri. "Leo usimtume mtu."

Sikumtuma mtu. Jioni wajukuu watatu walikuwa kitandani kwake wakigombania mto. Mama alicheka hadi akakohoa, kisha akanigeukia. "Uliuliza maswali mawili kwa pamoja. Haraka ya nini?" Akanishika mkono. "Kosa lingine sikuliona. Umefaulu, mwanangu."

Alifariki dunia nyumbani asubuhi ya tarehe 14 Juni 2024, sote tukiwa chumbani, na hakuna aliyetumwa. Ameacha mume, watoto wanne, wajukuu saba, na matabibu wengi wanaojua kunyamaza wakasikiliza.

Leo sina swali, Mama. Pumzika kwa amani.