Miji Minne ya Ningning

Benchi langu liko kona ya barabara ya bandarini, hapa Iloilo, Ufilipino, mkabala na ofisi zinazoandikisha mabaharia. Nachuja kahawa kuanzia saa kumi na moja alfajiri, na kabla mkate wa moto haujafika, wazee wangu watatu wameshakaa. Kuna Serang'i, aliyesimamia mabaharia wa sitaha miaka ishirini na saba. Kuna Grisi, aliyekuwa akipaka mafuta mitambo huko chini, masikio yake yamebaki na nusu kazi. Na kuna Kapteni, ambaye hajawahi kuwa kapteni hata wa mtumbwi, alikuwa mpishi. Vijana humwita kila mmoja wao Nong, yaani kaka mkubwa. Wote wamefika Ulaya mara zisizo idadi. Ukitaka ugomvi hapa, sema neno moja tu juu ya Ulaya.

Asubuhi ile neno lililetwa na Joven, fundi wa mafriji. Alikuja na bahasha, akaiweka juu ya benchi taratibu kama anaweka yai.

Joven: Wakubwa, viza zimetoka. Yangu na ya Ningning.

Ningning ni bintiye, ana miaka minne. Mama yake, Gemalyn, anatandika vitanda kwenye meli ya watalii katika mto Rhine, na aliondoka mtoto akiwa na miwili. Mtaa mzima unajua kwamba wiki iliyopita Ningning, akimwona mama yake kwenye simu, aliigeuza simu, akaigonga mgongoni, akamwuliza bibi yake mlango wa Mama uko wapi.

Kapteni: Mnafikia mji gani?

Joven: Minne, Nong. Amsterdam, Cologne, Strasbourg, Basel. Meli inapanda mto, inasimama kila mji. Gemalyn anapewa masaa matatu ya kushuka, mchana. Sisi tunakwenda kwa treni.

Grisi: Mnaikimbiza meli? Na mtoto?

Joven: Tunaitangulia.

Grisi: Si arudi yeye tu?

Joven: Akivunja mkataba, kazi imekwenda. Mkataba unaisha Desemba. Desemba mtoto atakuwa keshasahau hata sauti.

Serang'i alivua kofia. Nimemjua miaka kumi na moja, sijawahi kumwona akivua kofia nje ya kanisa.

Serang'i: Lete karatasi.

Nikampa karatasi ya kufungia mkate. Akachora mto, mnene kama nyoka aliyemeza mbuzi, na miji minne kandokando. Hapo ndipo shule ilipofunguliwa.

Serang'i: Treni ya kule, dogo, inaondoka na dakika yake. Haraka haraka haina baraka.

Joven: Kwa hiyo nisiharakishe?

Serang'i: Kwa hiyo ufike stesheni lisaa limoja kabla! Husikii?

Kapteni: Na hoteli iwe karibu na stesheni, chumba cha chini kabisa. Wahenga wamesema, mpanda ngazi hushuka.

Grisi: Wahenga hawakusema habari za hoteli.

Kapteni: Walizijua! Na kwenye foleni ya pasipoti, mfinye mtoto kidogo alie. Foleni nzima itawapisha. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Grisi: Wewe ndiyo maana wanao wamehamia Manila. Sikiliza, Joven. Mwili wa mtoto utakuwa bado uko Iloilo. Saa tisa usiku ataamka anadai uji. Geuza kitanda, kichwa kitazame nyumbani, mwili utajua umesafiri.

Kapteni: Kitazame mbele! Kikitazama nyumbani atalia.

Serang'i: Mchana lazima alale. Saa saba.

Joven: Gemalyn anashuka saa nane, Nong.

Serang'i: Basi asilale. Mpe pipi.

Grisi: Pipi ni za kwenye mahandaki. Treni ikiingia handakini bila pipi mdomoni, masikio yanageuka nje ndani. Unaona yangu? Na kule Basel milima iko karibu, hewa nyembamba. Mtoto anaweza asikue wiki nzima.

Kapteni: Anarefuka! Hewa ikiwa nyembamba, kichwa kinazuiwa na nini?

Joven alikuwa anaandika yote. Hata hewa ya Basel aliiandika. Kisha akainua kalamu.

Joven: Nong, Amsterdam kukoje?

Serang'i aliitazama ile ramani yake ya karatasi ya mkate.

Serang'i: Nimeingia mara kumi na tisa. Nimeona kreni. Nimeona uzio. Jioni, nyuma ya uzio, taa za mji, kama mtu kamwaga dhahabu akasahau kuizoa. Tunapakua, tunapakia, tunaondoka.

Kapteni: Mimi nimemenya viazi vya kule. Vizuri sana.

Grisi: Mimi nilikuwa chini. Injini ikipunguzwa, najua tumefika Ulaya. Ikiongezwa, najua tumeondoka.

Serang'i: Na huyu wa miaka minne anakwenda kutembea humo kwa miguu yake.

Joven: Na viatu vyake vya kuwaka taa.

Serang'i: Mungu wangu. Na viatu vya kuwaka taa.

Kahawa ilipoa, hakuna aliyelalamika. Hilo kwenye benchi langu ni ajabu peke yake.

Waliondoka Aprili. Joven alikuwa akituma ujumbe kwenye simu yangu, nami nikiwasomea wazee kwa sauti, nikirudia kila mstari kwa ajili ya Grisi.

Amsterdam: Ningning alijificha nyuma ya miguu ya baba yake. Gemalyn alichuchumaa pale gatini masaa mawili na nusu, hakumgusa, akisema naye maneno madogomadogo. Meli ilipoondoka mtoto aliuliza yule dada ni nani.

Siku ile Kapteni hakumaliza mkate wake.

Cologne: alimshika kidole kimoja. Wakapanda ngazi za kanisa kubwa la pale, kengele zikalia, akaruka mikononi mwa aliye karibu. Aliye karibu alikuwa mama yake.

Grisi: Rudia hapo.

Nikarudia.

Strasbourg: Ningning alikuwa amechoka. Meli ilipofika tu alipanda mapajani kwa Gemalyn, kwenye kiti cha kando ya mto, akalala. Masaa matatu yote. Gemalyn hakusogeza hata mguu. Alirudi kazini akichechemea, ganzi imempanda mpaka kiunoni.

Serang'i alipiga benchi.

Serang'i: Si nilimwambia asilale! Pipi ziko wapi? Nusu ya dunia wameivuka, mtoto analala!

Kapteni: Nyamaza wewe, hujui kitu. Mtoto halali kwa mgeni.

Serang'i aliinama akafunga kamba ya kiatu ambayo ilikuwa imeshafungwa.

Toka Basel haukuja ujumbe.

Wiki iliyofuata Joven alitokea, amekonda, na mkononi kamshika Ningning. Mtoto yule hakuwahi kukaa benchi langu. Wazee watatu wakasogea, wakampa nafasi katikati kama wanampisha mgeni wa serikali.

Serang'i: Inday, binti yetu, tuambie. Ndani ya Amsterdam kuna nini?

Ningning: Baiskeli. Nyingi. Na bata. Bata wana nyumba kwenye maji.

Grisi: Nyumba?

Ningning: Ndogo. Na mlango.

Grisi: Kasema nini?

Kapteni: Bata wana mlango!

Ningning: Na Cologne, kengele inalia hapa.

Akaweka kiganja tumboni. Grisi, mtu wa miaka sabini na mbili, naye akaweka kiganja tumboni mwake, akafumba macho, na nadhani aliisikia.

Serang'i: Na Basel, Inday?

Ningning: Nilimwona Mama kabla Baba hajamwona. Meli bado ndogo, mbali. Nikaita. Halafu tukala. Halafu akaingia kazini, nikampungia mpaka meli ikapinda.

Kapteni: Ukalia?

Ningning: Hapana. Kila siku anaingia kazini, halafu tunapanda treni, halafu yuko pale.

Joven alikuwa ameangalia barabarani. Ningning akamgeukia Serang'i, maana yule ndiye mwenye kofia, akamwita babu kwa lugha yetu.

Ningning: Lolo, mji wa kesho unaitwaje?

Serang'i anazijua bandari zote, ukimwamsha usingizini atakutajia kutoka Hamburg hadi Genoa bila kukosea. Alifungua mdomo, akamtazama Kapteni. Kapteni akamtazama Grisi, na safari hii Grisi alikuwa amesikia vizuri.

Ningning alingoja, miguu ikining'inia, haijafika chini.