Kidimbwi Kilichonyolewa Upara

— Elfu tisini! Elfu tisini kwa kuninyolea kidimbwi upara! Mkasi hapa ananyoa kichwa cha mtu mzima kwa mia tano!

— Kichwa chako wewe ningenyoa kwa mia mbili, akasema Mkasi. Kazi yenyewe haipo.

Hapo ndipo maneno yalipokuwa yamefika asubuhi ile, na kikombe cha kwanza hakijaisha. Kijiwe chetu ni benchi moja refu lililoegemezwa kwenye ukuta wa ukumbi wa sherehe, mlango wa kinyozi ukitutazama kutoka ng'ambo ya barabara. Mwenye ukumbi, huyo aliyekuwa akipiga kelele, tunamwita Bwana Harusi. Ameozesha mji mzima, yeye mwenyewe hajaoa. Mkasi ndiye kinyozi, na wateja wake hukaa ndani wakimsubiri amalize kubishana. Faili alitunza makabrasha ya serikali miaka thelathini, akastaafu, lakini tabia ya kujua kila kitu haikustaafu naye. Kahawa inamiminwa na Shemeji, ambaye ni shemeji wa wote, ingawa hakuna aliyewahi kusema kaoa dada yake. Na mimi wananiita Miavuli, kwa sababu ya mmea ninaoutunza. Mnaujua, hata kama hamjui mnaujua: una bua refu la kijani lisilo na jani hata moja, halafu juu kabisa majani yanatawanyika pande zote kama mbavu za mwavuli. Ni ndugu yake mafunjo ya kinamasini. Anayenidharau huongeza kwamba ni ndugu yake ndago pia, lile gugu sugu la shambani, na hilo silikatai, kila ukoo una mtu wa namna hiyo.

Sikusomea kazi hii. Nilijifunza kwa kuua miche yangu mwenyewe, arobaini ya mwanzo, kwa pesa yangu. Kwa hiyo mtu akiniambia nimeharibu, damu inanipanda.

— Bwana Harusi, nikamwambia, sema yote. Usiseme upara ukaacha kusema kilichotangulia. Nani aling'oa kizibo cha kidimbwi?

— Mimi. Na ningekosaje kuking'oa? Mama wa bibi harusi kaumwa na mbu mpaka kope ikavimba! Picha zote za familia katoka na jicho moja!

— Nilikwambia nini kuhusu mbu?

— Uliniambia nitie samaki.

— Samaki wadogo, wa saizi ya kidole. Wanakula viluwiluwi vya mbu, hulipi mtu. Ulitia?

— Samaki kwenye ukumbi wa harusi? Wageni si watadhani ndio kitoweo?

— Hapo sasa, Faili akaingia, akiinua kidole. Ndiyo maana wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi.

— Hiyo ni ya malezi ya watoto, mzee.

— Na samaki hazai watoto?

Shemeji akacheka mpaka birika likatikisika. Mimi sikucheka. Nilikuwa na jambo la kusikitisha moyoni na nataka mlielewe. Mle kidimbwini, uani mwa ukumbi, sikupanda miche. Bwana Harusi alitaka mimea mirefu, mara moja, harusi ya kwanza isimkute na vijiti. Nikachukua mashina mama yangu tisa, yale ninayokata vichwa kuzalisha miche yote ninayouza, nikayapasua kwa panga, nikayaketisha kwenye tope jeusi mle ndani. Mama siuzi, nauza watoto. Yalikuwa ya kukodisha, miezi mitatu, elfu tisini, na tukapatana kwa maneno mepesi ambayo hata mlevi angeyakumbuka: majani ni yangu, mikono ni yangu, maji ni yako. Yakinifia yale tisa, sina biashara. Nitaanza upya na ndoo tupu, umri huu.

Sasa yeye kang'oa kizibo Jumapili, kanyamaza. Nimekuja Alhamisi kutunza, nakuta ncha zote zimekuwa rangi ya chai, mabua yameinama kama watu waliofukuzwa kazi. Nikafanya kinachofanywa: nikakata kila kilichokauka, mpaka vidole viwili juu ya tope, shina lisihangaike kulisha maiti. Nikamwambia mlinzi, rudisheni maji leo hii. Mmea huu ukiwa na miguu majini, unachipua upya wiki tatu hazifiki. Bwana Harusi akarudi jioni, akaona visiki, akafunga geti kwa kufuli. Tangu hapo ni siku ya tano.

— Mimi nimekodi mimea, akasema Bwana Harusi, akigonga goti. Nikarudi, mimea hakuna. Ungekuwa wewe ungelipa? Nimekodi viti mia, narudi nakuta miguu ya viti tu, nilipe?

— Viti havioti!

— Na vyako vimeota?

— Vitaotaje wakati umevinyima maji?

— Subirini, subirini. Mkasi akasimama, maana yeye akiwa na hoja hawezi kukaa. Hili ni la fani yangu. Nywele ukizikata zinapata nguvu. Lakini ukikata kinyume cha zinavyolala, zinaota vipele. Miavuli, ulikata kuelekea wapi?

— Nilikata bua, Mkasi. Bua limesimama.

— Kwa hiyo hukuangalia mwelekeo! Mnaona? Hicho kidimbwi kina vipele.

— Tatizo si kukata, akasema Faili. Tatizo ni kiu. Mimi nimesoma faili la mimea ya maji, lilikuwa nene hivi. Mmea wa namna hii unakunywa ndoo saba kwa usiku mmoja. Inawezekana kabisa kizibo hakikuhusika. Mashina yamekunywa kidimbwi chote, yakalewa, yakaanguka.

— Faili, maji yalitoka kwenye bomba la chini, yakamwagika mtaroni, mtaa mzima uliyaona!

— Yaliyoonekana ni machache. Ukweli haumwagiki mtaroni.

— Huo nao ni msemo gani?

— Wa wahenga.

— Wahenga gani?

— Waliostaafu.

Hapo ndipo Bwana Harusi alipoleta la kunichafua. Akageukia watu, siyo mimi, akashusha sauti kama anayetoa siri ya nyumba ya mtu.

— Jamani, ninyi hamjaingia kwake. Mimi nimeingia. Mnajua anavyopanda? Anakata kichwa cha mmea, anakipunguza majani, halafu anakitumbukiza kwenye maji kichwa chini, miguu juu! Kopo baada ya kopo, uani kote! Mtu mwenye nia njema anapanda kitu kichwa chini?

— Kichwa chini? Shemeji akasahau kumimina.

— Ndivyo kinavyotoa mizizi! nikafoka. Mizizi inatoka pale kwenye kitovu cha mwavuli. Ukikigeuza, kitovu kinakaa majini, wiki mbili unaona nyuzi nyeupe, ya tatu machipukizi yanapanda juu yenyewe. Kinamasini bua likielemewa linainama, kichwa kinaangukia maji, mche mpya unaota. Mimi nimeiga tu. Kuiga mto ni uchawi?

— Sikusema uchawi, akasema Bwana Harusi. Umesema wewe.

Walai nilitaka kumwagia kahawa, ila bei imepanda.

Mkasi macho yakamng'aa. Nikajua tumepotea.

— Haya, haya, nimeshaelewa kila kitu! Kama vilipandwa kichwa chini, basi vinaota kwenda chini! Bwana Harusi, mimea yako haijafa. Iko kwa chini, imestawi, imejaa tele. Sisi huku juu tunaona miguu yake tu!

— Astaghafiru, akasema Shemeji.

— Ndiyo! Ukichimba mita mbili utakuta msitu.

— Inawezekana, Faili akakubali, taratibu, kama mtu anayepiga muhuri. Na mizizi ikifuata maji ya mtaroni, itakuwa imepita chini ya ukuta huu huu. Yaani muda huu tumeketi juu ya bustani ya mwenzetu. Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Wahenga walikuwa wanazungumzia hili.

— Basi kama viko chini ya barabara, akasema Bwana Harusi haraka, hiyo elfu tisini aidai serikali. Barabara si yangu.

— Lipa hata nusu yaishe, shemeji, akasema mwenye birika.

— Nusu ya upara ni nini? Mimi nimeshaagiza ya plastiki. Haiombi maji, haiombi samaki, haileti mbu, na haina mwenye kunijia asubuhi na deni.

Ya plastiki! Akalisema neno hilo mbele yangu, na kikombe cha kahawa niliyoilipia mimi mkononi mwake. Nikasimama. Nikamwambia sijawahi kumficha mtu bei wala kumuuzia mche mgonjwa, na kwamba kama nia yake tangu mwanzo ilikuwa kukopa mama zangu apigie picha za harusi tatu kisha aniite mchawi, angesema, ningemkatalia mapema na tungebaki majirani. Naye akasimama. Mkasi akatuingia katikati kwa sababu ndiye mwembamba. Faili akakamata vikombe.

Wakati huo alikuwa amesimama mwenye mkokoteni wa maji, mgeni kwetu, mwanamume wa makamo mwenye kitambaa kimeloa shingoni. Alikuwa ameagiza kahawa na kuinywa akitusikiliza, madumu yake yamepangwa safu mbili nyuma yake. Akamrudishia Shemeji kikombe, akaifuta midomo.

— Samahani, kaka zangu. Mimi napita tu. Hicho kidimbwi kiko wapi?

— Humu, akasema Mkasi, akigonga ukuta tuliouegemea.

— Humu nyuma yenu?

— Hatua kumi.

— Na leo nani amekwenda kuangalia kama hilo tope bado bichi?

Faili akatazama ndani ya vikombe alivyovikamata. Mkasi akakumbuka kwamba ana mteja ndani, nusu kichwa kimenyolewa, lakini hakwenda. Bwana Harusi akajipapasa mfuko wenye funguo, akautoa mkono haraka. Siku tano tumekaa hapa, migongo yetu kwenye ukuta ule ule, tumetoa maoni mpaka ya chini ya barabara. Hata mimi, bwana wa kusema kweli, niliona kufuli nikaona heshima yangu ni kukaa nje nikidai. Tope hilo likishapasuka nyufa, mzizi unakaa siku mbili, tatu kwa bahati. Nilikuwa nalijua hilo kuliko wote waliokuwa kwenye benchi, na nilikuwa nabishana kuhusu vipele.

— Kaka, nikamwambia mwenye mkokoteni, una madumu mangapi?

— Kumi na sita.

— Usiyauze.

Nikamgeukia Bwana Harusi. Hasira ilikuwepo bado, ila ilikuwa imepata kazi.

— Elfu tisini utanipa mwisho wa mwezi, na utanipa. Sasa hivi unanidai maneno, mimi nakudai maji. Kumi na sita haya unayalipia wewe, na jioni mengine kumi na sita. Toa ufunguo.

— Miavuli, tuongee kwanza —

— Ufunguo.