Yoga Bila U

Benchi la Shafi liko kati ya msikiti na posho mill ya kusagia mahindi, upande wa chini wa mji wa Kitale. Ni ubao mmoja juu ya kreti nne za soda. Jumamosi saa tatu asubuhi walikuwa wamekaa watatu. Wa kwanza ni Kizito, mwendesha bodaboda anayeitwa Honi kwa sababu ya sauti yake. Wa pili ni Rotich, fundi wa umeme. Huyo wanamwita Waya. Wa tatu ni Mzee Wabwile, mzaliwa wa Bungoma, sasa mwenyekiti wa kikundi cha wakulima Kiminini. Shafi alisimama nyuma ya jiko lake la makaa, akimimina kahawa na kuwatazama usoni kila walipokunywa. Kwa nini aliwatazama hivyo sikujua hadi baadaye. Mimi nilikaa mwisho wa ubao, penye msumari.

Honi: Mzee, leo umevaa tai. Nani anaoa?

Wabwile: Hakuna anayeoa. Saa nne msichana wangu Nasike anaanza darasa pale ukumbini.

Honi: Darasa ya nini?

Wabwile: Hapo ndipo kuna shida.

Alikunywa, akaweka kikombe chini, akaeleza. Mwezi uliopita Nasike alimpigia simu kutoka Nairobi. Alisema ameacha kazi ya benki, anarudi nyumbani kufundisha yoga. Mzee akafurahi. Jumapili hiyo hiyo akasimama mbele ya kikundi akatangaza kwamba mtoto wake anakuja kuwafundisha kulima uyoga.

Honi: Uyoga?

Wabwile: Uyoga. Si siku hizi unalimwa kwa nyumba ya giza? Kila mkurima anautaka.

Waya: Lakini msichana alisema yoga.

Wabwile: Nirisikia vizuri. Nikadhani ameacha ile u Nairobi. Watoto wa huko si wanakata maneno? Mama ni mathe, matatu ni mat. Nikasema, sawa, sasa uyoga ni yoga.

Honi alicheka hadi akamwaga kahawa kwa goti. Mzee alimngoja amalize.

Wabwile: Jana jioni amefika. Nikamuuliza mbegu iko wapi. Akaniambia, Baba, mbegu ni pumzi. Hapo nikajua nimeisha.

Shafi: Na umemwambia?

Wabwile: Ningemwambiaje, Shafi? Kamati ya ukumbi imempa Jumamosi moja tu. Watu kumi wakikaa hadi mwisho, anapewa ukumbi mwaka mzima. Wakitoka, ukumbi unawekwa mbolea, na yeye anarudi Nairobi kuomba kazi upya. Nimekaa miaka sita bila mtoto nyumbani. Harafu mimi mwenyewe ndiye nimfukuze?

Mashine ya posho mill ilisikika.

Honi: Mzee, watu wako wameshafika. Nimepita huko sasa hivi. Kama arobaini. Kila mtu ana gunia.

Wabwile: Nirisema waje na gunia safi. La kupandia.

Honi: Na masufuria je?

Wabwile: Masufuria gani?

Honi: Kuna sufuria tatu kubwa. Na kuni. Mama Nakhumicha ana kuku watatu kwa kikapu. Nikamuuliza ni ya nini, akasema mwenyekiti ameagiza.

Wabwile: Mimi! Nimeagiza karamu tu!

Waya: Karamu ama kalamu?

Wabwile: Si ndiyo nasema? Karamu. Ya kuandikia!

Watu wengi wa kwao hubadilisha l na r bila kuona tofauti. Nusu ya kikundi walielewa wakaja na kalamu. Nusu nyingine walichukua neno jinsi lilivyotoka.

Shafi: Kahawa iko aje lakini?

Honi: Iko sawa. Ongeza. Sasa wazee, tusaidie Mzee. Tuwaambie nini hao watu? Yoga yenyewe ni kitu gani?

Waya: Hiyo naijua. Yoga ni wiring. Tundu la pua la kulia ni chanya, la kushoto ni hasi. Sisi tunavuta kwa yote mawili pamoja, tunapiga shoti. Ndiyo maana watu wana presha.

Honi: Na mafua?

Waya: Hapo stima imepotea.

Honi: Mimi nimeona kwa simu, bana. Jamaa alikunja miguu, akavuta hewa, akavuta, akainuka kutoka kwa mkeka. Hewani! Hana kamba, hana nini.

Shafi: Akashuka saa ngapi?

Honi: Bando iliisha.

Wabwile: Na pasta wangu je? Ataniuliza huko kukunja miguu wanamwomba nani.

Shafi: Mzee, mtu akiinama kufunga kiatu hakuna anayemuuliza anaomba nani. Kinachohesabiwa ni nia. Hebu kunyweni kwanza, inapoa.

Wakanywa. Shafi akawatazama usoni, mmoja mmoja, kisha akarudi kwa jiko.

Honi: Nimepata! Tunawaambia yoga ni darasa la kwanza. Uyoga ni darasa la pili. Ati uyoga unaogopa kelele. Mkulima asiyetulia, shamba lake halioti.

Waya: Na si uongo. Fikiria watu arobaini ndani ya ukumbi uliofungwa, wanapumua pamoja. Joto linapanda. Unyevu unapanda. Uyoga unaota ukutani wenyewe.

Honi: Kwa ukuta? Mwanafunzi akitulia sana unamwotea kwa kichwa!

Waya: Anavuna akienda nyumbani.

Mzee Wabwile alikuwa ametoa kalamu mfukoni, ile ya kuandikia, na alikuwa anaandika maneno haya nyuma ya karatasi ya kanisa. Hakumwona binti yake akifika. Nasike alikuwa na mkeka mmoja wa mpira chini ya kwapa.

Nasike: Mko salama, wazee? Baba, mbona umekaa huku na wewe ndiye unanitambulisha?

Mzee alisimama. Alirekebisha tai. Honi alifungua mdomo kuanza ile hadithi ya darasa la kwanza, na mzee akamzuia kwa mkono.

Wabwile: Nasike mama, nimekuharibia.

Akamwambia yote, tangu ile simu hadi kuku. Hakuruka kitu. Nasike alimsikiliza bila kumkatiza. Mara moja aliangalia upande wa ukumbi.

Nasike: Kwa hivyo watu arobaini wanangoja uyoga.

Wabwile: Wanangoja.

Honi: Dada, usilie. Wewe tuambie tu, yoga ni nini kwa maneno ya kawaida? Sisi twende tuwaelezee.

Nasike aliangalia vile vikombe juu ya ubao. Vyote vilikuwa tupu.

Nasike: Hiyo kahawa mliyomaliza, leo imewekwa nini?

Honi: Tangawizi. Si ni ya Shafi?

Waya: Tangawizi. Kali kidogo.

Shafi alitikisa kichwa. Alikuwa ameacha kumimina.

Shafi: Leo hakuna tangawizi hata chembe. Mke wangu Arafa amebuni kitu kipya. Akaniambia, peleka, uone watasema nini. Nawangoja tangu saa moja. Mmekunywa vikombe kumi na viwili.

Honi alilamba midomo. Waya alinusa ndani ya kikombe chake. Mzee Wabwile aliangalia yale machicha chini ya kikombe kama mtu anayesoma barua.

Waya: Ongeza kidogo basi, tuonje.

Shafi aliinamisha birika. Lilitoa tone moja.

Nasike: Darasa langu ni hilo tu: kuona unachokunywa kabla hakijaisha. Na kunyoosha mgongo. Baba, umesema magunia ni mangapi?

Wabwile: Arobaini.

Nasike: Safi?

Wabwile: Nirisema safi.

Nasike: Nina mkeka mmoja. Usiku kucha nimewaza watu watalalia nini.

Tulienda wote. Pale ukumbini mzee alipanda jukwaani akasema makosa ni yake, kwamba uyoga na yoga vinatofautiana kwa u moja, na ile u ameibeba yeye. Watu walinung'unika. Wanaume wawili walianza kukunja magunia yao. Ndipo Mama Nakhumicha akauliza kutoka nyuma:

– Na kuku, Mwenyekiti?

Mzee alimwangalia binti yake, kisha akaangalia moshi uliokuwa unaanza kupanda nje ya dirisha.

– Kuku ni baada ya darasa, akasema. Anayetoka mapema amekosa.

Wale wawili wakatandika magunia tena. Saa sita mtu wa kamati alipokuja kuhesabu, alipata watu arobaini na watatu wamelala chali, wamefumba macho, na harufu ya mchuzi imejaa ukumbini. Waya alikuwa anakoroma. Walimhesabu. Nasike alipewa ukumbi kabla ya sufuria kuepuliwa.

Jumatatu nilirudi kwa benchi. Shafi alimimina. Honi alishika kikombe kwa mikono miwili, akanywa, akafumba macho. Sijawahi kumwona akikaa kimya muda ule wote.

Honi: Iliki.

Shafi: Hapana.

Waya: Mdalasini. Kwa mbali.

Shafi: Hapana.

Mzee Wabwile alikunywa pole pole, akazungusha mdomoni, akameza.

Wabwile: Hii ni karafuu. Na kitu kingine, kama ganda la chungwa.

Shafi: Ni tangawizi, Mzee. Nimeirudisha.