Paneli Zinazomsubiri Mama Bomoa Aondoke

Leo Ijumaa, tarehe thelathini Juni, mhandisi mkuu wa maabara yetu anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja kazini. Mimi, msaidizi wake, nimeombwa niandike maneno matamu. Yapo, na anayastahili yote. Lakini nina hasira, na nisipoitoa hapa itanikaba.

Sote tunamwita Mama Bomoa, maana kazi yake ni kuvunja. Paneli za sakafu za ndege za wagonjwa, tabaka za alumini na za nyuzi za kaboni zilizogandishwa pamoja, zilipita kwanza mikononi mwake. Alizivuta, akazikunja, akaziangushia vyuma mpaka zikasema basi. Mumewe anaapa kwamba nyumbani hajawahi kuvunja hata sahani. Hamu yote huimalizia kazini.

Aliyekuwapo mwaka ule wa sanduku la spana hawezi kusahau. Sanduku lilimponyoka mtu, likaangukia paneli, ikabonyea kidogo tu. Karakana wakapaziba kwa filla, ule ujiuji wa kujazia mabonde, wakapiga rangi, ikang'aa kama mpya. Mama Bomoa akaigonga kwa sarafu, kama anavyozigonga zote, akasikiliza, akakunja uso, akaikata katikati. Alumini ilikuwa nzima. Ndani, kaboni ilikuwa imepasuka na tabaka zimeachana. Akaibeba hadi kwenye kikao cha wakubwa, akaitua katikati ya vikombe vya chai, akawauliza nani kati yao angemlaza mama yake mzazi juu ya kitu kile, angani. Tangu siku hiyo, paneli iliyoanguka au kuangukiwa na kitu haizibwi wala hainyooshwi kabla ya kufika kwetu, na kanuni hiyo ni yake.

Sasa nifike panaponiuma. Mwezi uliopita shehena ya paneli ilichomoka kwenye winchi ikaanguka sakafuni. Zikanyooshwa kwa nyundo, zikaletwa kwetu eti ziko sawa. Mama Bomoa akazigonga, akazikataa. Meneja akaja kumbembeleza, akaambiwa akazitupe, akaondoka amenuna. Hazikutupwa. Ziko stoo, zimefunikwa turubai, zinasubiri mwenyewe aondoke! Huo ndio mkono wa kwaheri tunaompa: mbele tunamkatia keki, nyuma tunamzunguka. Ni aibu, na wenye aibu hiyo ndio watakaokaa viti vya mbele kwenye sherehe.

Mama, asante kwa ukali wako. Ulitufokea mpaka tukajifunza, kisha ukatuuliza kama tumekula. Nenda ukapumzike, ulale mpaka uchoke kulala, ufurahi na mzee wako na wajukuu. Tunakuombea afya na miaka mingi ya raha.

Nanyi wakubwa mnaosoma haya: kuanzia Jumatatu, msumeno wa maabara ninaushika mimi. Zileteni hizo paneli. Nitazikata mbele yenu.