Mama Mkubwa, Mwanafunzi wa Sayansi ya Tabia

Ndugu, jamaa na majirani, tunawaomba mkae hapo mlipopata nafasi, tuyasikie maisha ya marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Mkubwa kwa sababu ya mtoto mmoja.

Alizaliwa tarehe 9 Juni 1998, mtoto wa kwanza kati ya wawili wa fundi saa na mshona sare za shule, katika nyumba hii hii, chumba cha mwisho ukumbini, na tangu utotoni alikuwa mtu wa kutazama kuliko kusema. Alianza shule ya msingi mwaka 2005, akamaliza sekondari mwaka 2017, na Januari 2018 akaajiriwa kupokea wagonjwa katika kliniki ya meno, ambako aliwaona watu wazima, na vyeo vyao, wakishika shavu mara tu mashine inapolia chumba cha ndani, kabla hata hawajaguswa, naye akaanza kujiuliza mwili hufundishwa na nani kuogopa.

Oktoba 2022 alijiunga na chuo kikuu kusomea shahada ya sayansi ya tabia. Baba yake alicheka hadi akavua miwani, akasema tabia hufundishwa nyumbani bila ada, na kama binti yake alikuwa na upungufu angesema mapema, naye akamjibu kwamba upungufu anao, ndiyo maana anakwenda kuongezewa.

Hakujaliwa kuolewa wala kuzaa. Ila tarehe 20 Agosti 2023 mtoto wa mdogo wake, akiwa na miaka mitatu, alitumbukia kichwa chini katika pipa la maji uani, marehemu akamvuta kwa miguu, na tangu siku hiyo mtoto hakusema neno, hata kwa mama yake, japo madaktari walisema masikio na ulimi ni vizima.

Marehemu alikuwa amejifunza darasani kwamba hofu haifukuzwi kwa kelele, bali huzoeshwa kidogo kidogo, kwa hiyo akatukataza sote kumwambia mtoto aseme, akawa anafunga mlango wa chumba chake, anakaa sakafuni na kumpa mgongo, wakipanga vizibo vya soda bila swali lolote, hadi mtoto akamwambia kwamba kizibo chekundu ni chake. Hapo akaanza kumsogeza mama wa mtoto, kwanza kiti chake kikiwa mwanzo wa ukumbi, kisha karibu na mlango, kisha kizingitini mlango ukiwa wazi, akimwonya kwamba haraka haraka haina baraka, na kwamba chuoni wameupa msemo huo jina refu ili wapate cha kutahini. Mdogo wake akaisikia sauti ya mwanawe, akameza machozi asije akamtisha. Ilibaki kuvuka kizingiti tu.

Tarehe 2 Februari 2025 marehemu aliamka shingo imekakamaa, hospitali ikagundua homa ya uti wa mgongo, na tarehe 6, saa nne asubuhi, akafariki, baada ya kumwomba mdogo wake kiti kisirudishwe nyuma.

Chumba chake hakijalalwa tangu hapo, lakini mtoto huingia na kufunga mlango, na mama yake, akiwa nje, humsikia akizungumza, akinyamaza kama anayesikiliza, kisha akicheka, na vizibo vikigonga sakafu katika pembe mbili za chumba. Akifungua, mtoto hunyamaza, naye humkuta amejisogeza kando, kama aliyempisha mwenzake. Nani anamjibu hatujui, na hakuna kati yetu aliyethubutu kuuliza.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, daktari wa meno aliyefunga kliniki leo, wahadhiri na wanafunzi wenzake, na majirani mliotubeba siku zote hizi.

Nawe, Mama Mkubwa, tukirudi kutoka makaburini, mdogo wako ataingiza kiti ndani. Umefanya kazi, sasa lala utulie, na nafasi hiyo karibu na mtoto mwachie mama yake.